Mshale wa Joto Ukipanda: Mwongozo kwa Mwenye Altezza ya Zamani Bariadi

Lami ya kutoka Lamadi hadi Bariadi, na ile inayoendelea mpaka Maswa, imeleta Simiyu magari ambayo zamani yaliishia Mwanza: Toyota Altezza, Mark II zilizoshushwa, Celica, Subaru Impreza. Ni magari ya mbio yaliyozeeka. Altezza iliuzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imeshatimiza miaka 20. Rejeta yake, mipira yake na waya zake zina umri huohuo, isipokuwa kama kuna mtu alishazibadilisha.

Ndiyo maana magari haya hufika sana gereji na lalamiko moja: gari linachemsha. Dawa inayotolewa nayo ni ileile: ng'oa themostati, unga feni moja kwa moja, ongeza maji, nenda. Muda si mrefu mwenye gari ameshanunua wota pampu na rejeta, na mshale bado unapanda. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Kabla hujanunua spea yoyote, jibu maswali mawili: joto hilo ni la kweli? Na linapanda lini? Majibu yake hayana gharama, na yanaondoa washukiwa wengi kabla spana haijashikwa.

## Mshale ukipanda ukiwa barabarani

Mshale ukivuka katikati, zima AC, punguza mwendo, kisha washa hita hadi mwisho na ufungue madirisha. Hita ni rejeta ndogo. Itachota sehemu ya joto la injini na kulileta kwako. Utatoka jasho, lakini itakupa pia kipimo cha kwanza: ikiwa injini ina moto mkali na hita inatoa hewa baridi, maji yamepungua au hewa imejaa ndani ya njia za maji.

Mshale ukikaribia alama nyekundu, au mvuke ukitoka, egesha pembeni na uzime injini. Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji ya ndani yana shinikizo. Ukilegeza mfuniko yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni na kifuani. Subiri mpaka uweze kuufumbata mpira wa juu wa rejeta bila kuungua na kuubonyeza bila kuhisi ugumu. Hilo linaweza kuchukua nusu saa na zaidi.

Usiimwagie injini maji kwa nje, wala usimimine maji ya baridi kwa wingi ndani ya injini ya moto. Silinda hedi za magari haya ni za aluminiamu, na aluminiamu ikipoa ghafla hupinda au hupata ufa. Injini ikishapoa kiasi, iwashe, kisha ongeza maji kidogo kidogo ikiwa inaunguruma.

## Joto ni la kweli, au ni geji?

Geji ya joto katika magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo haipimi kama rula. Imetengenezwa ili mshale utulie katikati injini ikiwa kwenye nyuzi joto 80 au hata 100, dereva asihangaike bure. Maana yake ni kwamba mshale unapoanza kutoka katikati, joto limeshapanda sana. Usiseme "umepanda kidogo tu."

Lakini geji nayo huongopa. Anza hivi:

1. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua switichi bila kuwasha. Mshale ukiruka moja kwa moja hadi juu, tafuta waya wa sensa uliochubuka na kugusa bodi. Hakuna injini inayochemka kabla ya kuwashwa.

2. Gari likiwa linaunguruma na mshale umetulia, washa taa kubwa na feni ya AC kwa pamoja. Mshale ukipanda papo hapo na kushuka unapozima, shuku waya wa athi kati ya injini na betri. Weka maltimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Vyombo vyote vikiwa vimewashwa, ukisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, safisha au badilisha waya huo.

3. Pima joto lenyewe. Tumia kipima joto cha bunduki, ukikielekeza kwenye chuma ambapo mpira wa juu unaungana na injini. Kile cha kupimia homa kwenye paji la uso hakitakufaa, kwa sababu hakisomi zaidi ya joto la mwili wa binadamu. Unahitaji cha viwandani. Aluminiamu inayong'aa hukidanganya kisome chini, kwa hiyo bandika kipande cha tepu nyeusi na upime hapo.

4. Mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari anaweza kuona nyuzi kamili kutoka sensa ya injini. Toyota nyingi za zamani zina sensa mbili, ya geji na ya kompyuta, kwa hiyo zikitofautiana sana umeshampata mkosaji. Fahamu tu kwamba magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo hayasomwi na kila kifaa cha bei rahisi.

Injini yenye afya hufanya kazi kati ya nyuzi 82 na 95 hivi, na inaweza kugusa 100 ikiwa imesimama juani kabla feni ya umeme haijashika. Ikivuka 105, kuna tatizo. Ikivuka 110, zima.

Kumbuka pia udanganyifu wa upande wa pili. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki kwenye mvuke na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Mshale ulioshuka ghafla baada ya kupanda si habari njema.

## Linapanda lini?

Hili ndilo swali ambalo fundi mzuri atakuuliza kwanza. Kwa siku kadhaa, andika kwenye simu yako kila mshale unapopanda: mwendo, gea, AC imewashwa au la, mlima au tambarare, na muda tangu ulipowasha.

Likipanda ukiwa umesimama au unatembea polepole, mathalani ukisubiri kundi la ng'ombe livuke, na kushuka ukikimbia, tatizo ni hewa. Feni haivuti. Upepo wa mwendo unapofanya kazi ya feni, gari linapona.

Likipanda ukikimbia kwenye lami na kutulia ukipunguza mwendo, tatizo ni mzunguko wa maji au uwezo wa rejeta. Upepo upo wa kutosha, ila joto halifikishwi kwenye upepo. Shuku rejeta iliyoziba, mpira wa chini unaonyonywa na kubanana, wota pampu iliyoliwa, au gasketi ya silinda hedi.

Likipanda haraka, dakika chache tu baada ya kuwasha, shuku themostati iliyoganda ikiwa imefunga, au maji yaliyopungua sana.

Likipanda na kushuka bila mpangilio, kuna hewa ndani ya maji. Iliingia wakati wa kujaza, au inaingizwa na gasketi iliyoungua.

Likipanda AC ikiwashwa tu, kondensa iliyo mbele ya rejeta inamwaga joto lake juu ya rejeta ambayo tayari imechoka, au feni ya kondensa imekufa.

## Mfuniko wa rejeta na mwinuko wa Bariadi

Spea ya bei ndogo kuliko zote ndiyo ya kuangaliwa kwanza, na huku kwetu ina uzito kuliko ilivyo Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi imeinuka kuliko ziwa. Katika mwinuko huo maji ya wazi hayafiki nyuzi 100. Huchemka kwenye 96 hivi. Mpishi wa maharage analijua hilo kwa uvumilivu wake, na sufuria yenye mfuniko wa kubana ndiyo jibu lake. Rejeta nayo ni hivyo hivyo. Mfuniko ulioandikwa 0.9 unaruhusu shinikizo lipande mpaka maji yavumilie karibu nyuzi 116 kabla ya kuchemka.

Sasa fikiria mfuniko ambao mpira wake umekauka. Hakuna shinikizo linalojengeka, na injini inayofanya kazi kwa nyuzi 95 inabaki nyuzi moja tu kabla ya kuchemka. Gari lilelile ambalo Dar es Salaam lilikuwa linavumilia, Bariadi linatapika maji.

Fungua mfuniko injini ikiwa baridi. Tazama mpira wake kama una nyufa au umeliwa, na springi kama inasukuma kwa nguvu. Soma namba iliyoandikwa juu; katika magari mengi ya Kijapani ni 0.9 au 1.1. Nunua wa namba ileile. Wa shinikizo kubwa zaidi utapasua matangi ya plastiki ya rejeta yenye miaka 20. Na ukiona mpira wa juu umejibana wenyewe asubuhi kama umenyonywa, vali ndogo ya katikati ya mfuniko imeganda na hairudishi maji kutoka kwenye kopo la akiba.

## Rejeta, vumbi na pamba

Simiyu inaongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na msimu wa kuuza hukutana na kiangazi. Ukifuata nyuma ya malori yanayokwenda jineri, nyuzi za pamba na vumbi vinakaa pale usipopaona: katikati ya kondensa na rejeta. Kwa mbele kila kitu kinaonekana safi. Mulika tochi kutoka juu, kati ya vyombo hivyo viwili. Ukiona zulia la kijivu, umepata chanzo.

Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya shinikizo ya kuoshea magari, ikisogezwa karibu, hulaza mapezi ya rejeta na kufunga njia ya hewa moja kwa moja.

Kwa kuziba kwa ndani, pasha injini mpaka maji yazunguke, izime, kisha pima uso wa rejeta kwa bunduki, sehemu baada ya sehemu. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanakoingilia kwenda yanakotokea. Kiraka chenye baridi ya ghafla katikati ni mirija iliyoziba. Rejeta ya namna hiyo ipeleke kwa fundi rejeta aizibue, au ibadilishwe. Dawa za unga za kuziba matundu usizitie: huziba na mirija mizima.

## Feni

Fungua boneti utambue feni yako ni ya aina gani. Altezza yenye injini ya 1G-FE na Mark II nyingi zina feni inayozungushwa na injini kupitia kiungo chenye mafuta ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na IMEZIMWA, izungushe kwa mkono. Inatakiwa igome kidogo na kusimama upesi. Ikizunguka raundi kadhaa kwa ulaini, kiungo kimekufa. Michirizi ya mafuta yaliyoshika vumbi katikati yake inathibitisha.

Celica na Impreza zina feni za umeme. Washa AC, angalau feni moja ianze. Kisha zima AC, acha injini ipande joto ikiwa imesimama, na uangalie kama feni inajiwasha. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, ukichomoa plagi ya switichi ya joto iliyo chini ya rejeta huku switichi ya gari imefunguliwa, feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka kwa njia hiyo lakini haijiwashi yenyewe, badilisha switichi. Isipozunguka, fuata fyuzi, rilei, kisha mota. Weka mikono mbali: feni ya umeme inaweza kuanza bila taarifa.

Kisha shika karatasi mbele ya kondensa. Ikinyonywa na kunata, hewa inavutwa vizuri. Ikisukumwa, waya za mota zimegeuzwa na feni inapuliza kinyume cha upepo wa gari. Hakikisha pia kava la plastiki linalozunguka feni lipo. Bila kava hilo feni huvuta hewa ya pembeni, si ile inayopita ndani ya rejeta.

## Themostati: usiing'oe

Imani kwamba nchi za joto hazihitaji themostati imeharibu injini nyingi. Katika injini nyingi za Toyota na Subaru, themostati ina kazi mbili: inafungua njia ya rejeta, na hapo hapo inafunga njia ya mkato ambayo maji ya moto hupita wakati injini ni baridi. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Kwenye mwendo mkali gari linaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo. Kwenye mwendo mdogo injini inabaki baridi mno, kompyuta inaongeza petroli, na oili inachafuka mapema.

Kuipima ni rahisi. Itie ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na iwe wazi vizuri maji yanapokaribia kuchemka. Ikiwa maji yanatokota nayo bado imefunga, itupe. Unapoirudisha, kijitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu ili hewa itoke.

## Wota pampu na mikanda

Angalia chini ya pampu kama kuna alama ya maji yaliyokauka, sikiliza mlio wa kusaga, na kagua mkanda wa nje kama umelegea. Pampu inaweza pia kuwa nzima kwa nje na mapezi yake ya ndani yameliwa na kutu, hasa kwa gari lililotumia maji matupu miaka mingi. Katika injini ya Toyota ya 3S-GE na zile za Subaru za EJ, pampu huzungushwa na taimingi belti. Unapobadilisha belti, badilisha na pampu. Kazi ya kufungua ni ileile.

## Gasketi ya silinda hedi

Hii iache mwisho, kwa sababu ndiyo ghali, na kwa sababu mara nyingi ni matokeo ya kasoro nyingine iliyopuuzwa. Dalili zake: mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiunguruma, mipira ya rejeta kuwa migumu ndani ya dakika moja au mbili za kuwasha injini baridi, maji kupungua kila siku bila kuvuja popote, moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Subaru inaweza kukosa dalili hizo karibu zote isipokuwa mapovu kwenye kopo la akiba baada ya safari ndefu ya mwendo mkali.

Kipimo cha uhakika ni dawa ya bluu inayonusishwa hewa ya juu ya rejeta. Ikigeuka njano, moshi wa injini unaingia kwenye maji. Uliza gereji kubwa za Mwanza kama wanayo. Na silinda hedi ikishafunguliwa, ipelekwe ikapimwe usawa na kuskimiwa kabla ya kurudishwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu.

## Mambo ya magari ya mbio

Magari haya hubadilishwa na kila mmiliki. Kagua kava la plastiki chini ya bampa: kwa gari lililoshushwa, barabara ya vumbi hulipasua, na fundi humalizia kwa kulitoa. Kava hilo linaelekeza upepo upite kwenye rejeta. Bila hilo upepo unapita chini ya gari. Taa za ziada, namba kubwa ya mbele na bampa za urembo huziba mdomo wa hewa. Kama gari lina turbo lililoongezewa nguvu, rejeta ya kiwandani huenda ni nzima kabisa ila haitoshi.

## Maji ya kujaza, na kutoa hewa

Maji ya kisima yenye chumvi huacha magadi ndani ya mirija na kula aluminiamu. Tumia kulanti inayolingana na gari lako, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri. Soma chupa kwa makini: maji ya betri ni tofauti na asidi ya betri. Wakati wa shida, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima.

Jaza polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa mlimani au juu ya jeki na stendi, hita ikiwa imefunguliwa. Subaru ina kizibo cha kutolea hewa juu ya rejeta. Kifungue wakati wa kujaza. Acha injini iungurume mpaka feni, kama ni ya umeme, iwake mara mbili na hita itoe moto wa sawasawa, kisha iache ipoe na uongeze kilichopungua.

## Utaratibu wa kufuata

Siku ya kwanza: kiwango cha maji, mfuniko, mipira, tochi kati ya kondensa na rejeta. Kisha athi na usahihi wa geji. Kisha feni, kwa karatasi. Kisha themostati, kwa sufuria. Kisha rejeta kwa ndani, pampu, na mwisho kipimo cha gasketi. Rekebisha kitu kimoja, endesha barabara ileile kwa mwendo uleule, andika namba, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mkupuo, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na cha nne kikifa utaanza upya.

Ukifika gereji, usimwambie fundi "badilisha themostati." Mwambie: linafika 108 likikimbia 100 kwa dakika kumi, linarudi 95 likipunguza, feni na mfuniko nimeshapima. Kisha muulize atathibitishaje kabla ya kufungua, na umlipe kwa kazi hiyo ya kupima. Fundi anayelipwa kwa kupima hana sababu ya kukuuzia spea ambayo gari lako halikuihitaji.